Sonona: maswali yanayoulizwa mara kwa mara, na yale yanayoulizwa kwa kunong'ona

Nina miaka 11 kazini, muuguzi wa afya ya akili katika kituo cha afya mkoani Tanga. Maswali yaliyopo hapa nimeulizwa mara nyingi mno. Baadhi huulizwa mtu akiwa amekaa vizuri kwenye kiti. Mengine huja ameshanyanyuka, mkono uko kwenye kitasa cha mlango, na mara nyingi hayo ndiyo yaliyomleta. Nimeyajibu kama ninavyoyajibu mezani kwangu.

Kama wewe au mtu wako anafikiria kufa sasa hivi, nenda moja kwa moja kwenye swali linalosema "Anasema amechoka kuishi". Mengine yatasubiri.

Sonona ni nini? Si ni mawazo tu?

Neno "mawazo" ni gunia. Kodi ya nyumba, ada ya mtoto, mapenzi, msiba, deni la kikoba, vyote tunavitia humo. Mtu akikuambia "nina mawazo" hujui kama anadaiwa au anaumwa.

Sonona ni ugonjwa. Kenya wengi huuita unyogovu, vijana wa mjini wanasema dipresheni, na kijijini mara nyingi hauna jina kabisa. Wanasema tu "siku hizi amepoa". Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao milioni 332 wanaishi nao.

Tunaanza kuufikiria pale ambapo, kwa wiki mbili mfululizo au zaidi, karibu kila siku na sehemu kubwa ya siku, mtu ana moja kati ya mambo mawili: moyo mzito usioelezeka, au kukosa hamu na vitu alivyokuwa akivipenda. Hilo la pili watu hulisahau. Mama mmoja aliniambia alijua mumewe anaumwa siku Simba walipofungwa na Yanga. Mwanaume alijibu "sawa", akaendelea kutazama ukuta.

Juu ya hayo mawili huja mengine: usingizi kuharibika, kula kupungua au kuzidi, uchovu hata bila kazi, akili kutotulia kwenye jambo moja, mwili kuwa mzito au kuhangaika, kujilaumu na kujiona huna thamani, na kufikiria kifo. Yakijumlika matano, na kazi au nyumba imeanza kuyumba, hayo si mawazo tena.

Tofauti yake na msongo wa mawazo, au na huzuni ya msiba?

Msongo una mlango wa kutokea: ada ikilipwa, unalala. Mwenye sonona ada imelipwa, stakabadhi iko mfukoni, na bado saa tisa usiku yuko macho. Msiba nao huja kwa mawimbi. Aliyefiwa hulia, kisha anakumbuka kichekesho cha marehemu na anacheka kweli. Ndani ya sonona hata kumbukumbu nzuri huja zimechujuka.

Mimi sina huzuni. Naumwa kichwa, mwili unachoma, moyo unaenda mbio. Kwa nini nimeletwa kwako?

Hili ningeliandikia kitabu. Wagonjwa wetu wengi hawaji wakisema "nimesononeka". Wanakuja na mwili: kichwa kizito upande mmoja, mgongo, tumbo linalojaa gesi, kitu kama wadudu kinatembea utosini, viungo kuishiwa nguvu.

Nakumbuka mama wa makamo aliyekuja na daftari la matibabu limeisha kurasa. Nililifungua toka mwanzo. Malaria, hakuna. Ukurasa wa pili, taifodi, kaanzishiwa dawa. Wa tatu, UTI, kaanzishiwa dawa. Kisha vidonda vya tumbo, dawa za mwezi mzima. Kisha presha: 120/80. Kisha malaria tena, hakuna. Mara sita kwenye vituo tofauti, kikiwemo changu, na hapakuwa na mstari mmoja unaosema ameulizwa analalaje.

Nikamuuliza. Akasema anaamka saa tisa, anawasubiri majogoo. Nikamuuliza tena, mara ya mwisho umefurahia kitu lini, mama? Akatazama kanga yake, akaanza kukunja pindo lake, akalikunjua, akalikunja. Hakujibu. Jibu lilikuwa hilo.

Maumivu yake hayakuwa ya kujifanya. Ubongo unaoumwa sonona hubadilisha usingizi, mmeng'enyo na namna mwili unavyohisi maumivu. Kwa hiyo ukiambiwa "vipimo vyote viko sawa, huna kitu", hiyo sentensi ina nusu ya ukweli: vipimo viko sawa, ila kitu unacho.

Hata hivyo msiruke vipimo. Upungufu wa damu, tezi ya shingoni isiyofanya kazi vizuri, kisukari na VVU huweza kuleta uchovu na uzito wa moyo unaofanana kabisa na sonona. Na baadhi ya dawa huchangia. Waliotumia ARV za zamani zenye efavirenzi wanazikumbuka ndoto zake.

Je, inawezekana nimerogwa?

Sijawahi kushinda mjadala wa majini mezani kwangu, na nimeacha kujaribu. Ninachoweza kusema ni kile kinachoonekana: sonona hufuata familia, hufuata kupoteza mtu au kazi, hufuata kipigo nyumbani, utoto wa mateso, ugonjwa wa muda mrefu, kujifungua, pombe. Mara nyingi ni kadhaa kwa pamoja. Na wakati mwingine huja kwa mtu ambaye kila kitu chake kiko sawa, jambo linalomfanya ajilaumu mara mbili.

Ukitaka kusomewa kisomo au kuombewa, endelea. Ninaomba mambo matatu tu: usiache dawa kwa sababu umeambiwa imani haichanganywi na hospitali, usikubali kufungwa wala kuchapwa kwa jina la tiba, na usinywe mizizi usiyoijua pamoja na vidonge.

Ni imani yangu imepungua?

Hapana. Nabii Eliya alikaa chini ya mretemu akaomba afe, na malaika hakumhubiria. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha akampa tena. Waislamu wanaukumbuka Mwaka wa Huzuni, Mtume alipofiwa na Bi Khadija na ami yake Abu Talib. Kama hao walilemewa, wewe ni nani usilemewe?

Nitajipimaje?

Hakuna kipimo cha damu cha sonona. Tunatumia dodoso la maswali tisa, lipo kwa Kiswahili, na linahusu wiki mbili zilizopita. Kila swali lina alama 0 hadi 3, jumla yake 27. Ukifikisha 10 na kuendelea, unahitaji kukaa na mtu anayejua kazi hii. Dodoso halitoi hukumu, linafungua mazungumzo tu. Ila swali la tisa, lile la kufikiria kufa, likipata alama yoyote zaidi ya sifuri, tunaacha kila kitu kingine tunaliongelea hilo.

Wanaume nao wanapata?

Wanapata, ila wanaivaa tofauti. Wanawake hugundulika zaidi, karibu mara moja na nusu ya wanaume. Wanaume hufa zaidi kwa kujiua. Kati ya takwimu hizo mbili kuna wanaume wengi ambao hakuna aliyewauliza.

Mwanaume mwenye sonona anaweza asilie hata siku moja. Anakuwa mkali kwa watoto, anachelewa kurudi, anakunywa, anaendesha bodaboda kama mtu asiyejali kufika. Tumemlea akiambiwa ajikaze kisabuni. Sabuni inayokazwa sana inaponyoka.

Nimejifungua, na badala ya furaha nalia. Nina nini?

Siku za kwanza kulia ni kawaida. Mama wengi hulia siku ya tatu mpaka ya tano bila sababu ya maana, na ndani ya wiki mbili hali hiyo huisha yenyewe. Ikipita wiki mbili, au ikaanza wiki kadhaa baadaye, hiyo ni sonona ya uzazi. Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya asilimia 10 ya wajawazito na waliojifungua huipata.

Mimi niliipata, na mimi ni muuguzi wa hiyo hiyo idara. Arobaini yangu ilikuwa na kila kitu: mama mkwe wa kunikanda, uji wa pilipili manga, wageni na vitenge. Mtoto ananyonya, ananenepa. Mimi ndani nilikuwa kama ninamlea mtoto wa jirani. Nilijua jina la ugonjwa na dawa yake, na bado ilinichukua miezi minne kumwambia mtu, kwa sababu kila aliyeingia chumbani alisema "hongera, Mungu amekupa", na utamjibu nini? Kliniki walimpima mtoto uzito kila mwezi. Hakuna aliyenigeukia mimi.

Ukiwa na hali hii, mwambie muuguzi wa kliniki ya mtoto neno moja tu, "sijisikii". Tiba ipo, na sertralini, mojawapo ya dawa zinazotumika, hupita kidogo sana kwenye maziwa, hivyo mama wengi huendelea kunyonyesha.

Kuna hali nyingine iliyo dharura. Mama halali siku kadhaa, anasikia sauti, anasema mambo ya ajabu kuhusu mtoto. Huyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, na asiachwe peke yake na mtoto.

Ni lazima ninywe dawa?

Si lazima kwa kila mtu. Sonona nyepesi, na nyingi za kati, hupona kwa tiba ya mazungumzo. Ile kali mara nyingi inahitaji vyote viwili.

Watu wanadhani tiba ya mazungumzo ni jambo la Wazungu na makochi yao. Ushahidi mzuri kabisa uko jirani. Masaka na Rakai, kusini mwa Uganda, walichukua vijiji 30. Katika baadhi, wenye sonona walikutana kwa makundi mara moja kwa wiki kwa wiki 16, wakiongozwa na mtu wa huko huko aliyefundishwa wiki mbili. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003: mwishoni, waliobaki na sonona kwenye makundi walikuwa asilimia 6.5; kwenye vijiji visivyo na makundi, asilimia 54.7. Hakukuwa na dawa pale. Walizungumza kuhusu msiba, ugomvi na mabadiliko ya maisha.

Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 na mabibi wa mtaani Harare, wanakaa na mgonjwa kwenye benchi nje ya zahanati. Wenyewe huuita ugonjwa huu kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi. Benchi hilo limeshafika Zanzibar. Nikilisikia nawakumbuka bibi zetu wa barazani, waliokuwa wakiifanya kazi hiyo bure, ingawa nao siri walizitoa barazani zikafika sokoni.

Dawa zitanifanya zezeta? Nitazizoea kama teja?

Dawa za sonona zinazopatikana kwa wingi kwetu ni fluoksetini na amitriptilini. Hazileti uteja. Unazozifikiria wewe pengine ni diazepamu na ndugu zake, zile za usingizi, na hizo kweli mtu huzizoea akizitumia muda mrefu. Usikubali kuendeshwa na diazepamu miezi na miezi ukaambiwa ndiyo tiba ya sonona.

Yanayowashinda wengi ni haya: maudhi huja wiki ya kwanza, faida huja baadaye. Fluoksetini inaweza kuleta kichefuchefu, kichwa kuuma, usingizi kukatika, na kupunguza hamu ya tendo la ndoa (hili niulize, usiache dawa kimyakimya). Amitriptilini hukausha mdomo, hufunga choo na huleta usingizi mzito, ndiyo maana hunywewa usiku. Nafuu huanza wiki ya pili hadi ya nne, mara nyingine ya sita. Mgonjwa anayeacha siku ya kumi amelipa gharama yote na hakuchukua bidhaa.

Amitriptilini ikizidishwa ni hatari kwa moyo, kwa hiyo nyumbani itunzwe na mtu mwingine kama mgonjwa amewahi kufikiria kujidhuru. Vijana walio chini ya miaka 25 waangaliwe kwa karibu wiki za mwanzo.

Na kabla hujaandikiwa chochote, mwambie daktari kama umewahi kuwa na kipindi cha kuchangamka kupita kiasi: hulali na huchoki, maneno yanakimbia, unagawa hela, unaanzisha biashara tatu kwa siku moja. Kwa mtu wa hivyo, dawa ya sonona peke yake inaweza kumrusha juu tena.

Mwezi wa Ramadhani nifanyeje?

Fluoksetini ni mara moja kwa siku, inywe wakati wa daku au futari. Amitriptilini ni ya usiku tayari. Njoo tupange kabla mwezi haujaandama.

Nimepata nafuu. Niache?

Bado. Endelea miezi 9 hadi 12 tangu ulipopona, kisha tupunguze polepole. Ukikata ghafla unaweza kupata kizunguzungu na hasira, ukadhani ugonjwa umerudi.

Nyumbani mwenyewe nifanye nini?

Usisubiri hamu. Sonona huanza kwa kuiba hamu, sasa ukiisubiri irudi ndipo uoge, hutaoga. Fanya kwanza, kidogo, hamu itakukuta njiani. Namaanisha kidogo kweli: leo kuoga na kukaa nje dakika kumi, kesho kufika dukani, keshokutwa kumpigia dada. Andika kwenye karatasi, weka alama. Amka saa ile ile kila siku hata kama hukulala. Tembea, mazoezi yana nguvu ya kweli kwenye sonona, na kutembea hakuna kiingilio. Pombe iache. Inakupa saa mbili za nafuu, kisha kesho yake inakuongezea uzito.

Ndugu yangu anaumwa. Nimwambie nini?

Usimwambie "wenzako wana shida kuliko wewe". Anajua, na ndiyo maana ana aibu. Usimwambie "jikaze".

Sema "pole", kisha kaa. Kiswahili kimetupa neno ambalo halidai jibu, litumie. Kisha fanya kitu chenye umbo: "Alhamisi nakuja saa nne, tunakwenda wote kituoni." Ukisema "ukihitaji chochote niite" umemwachia kazi mtu asiye na nguvu hata ya kushika simu.

Anasema amechoka kuishi. Anatania?

Mchukulie kuwa hatanii. Muulize waziwazi: "Unafikiria kujiua?" Kumuuliza hakumpandikizii wazo, wengi hupumua, kwa sababu hatimaye kuna mtu amelitamka. Akikubali, muulize kama ameshapanga. Usimwache peke yake. Ondoa nyumbani sumu za kuulia wadudu na panya, dawa zilizolundikana na chochote alichokitaja. Mpeleke hospitali iliyo karibu, iwe usiku iwe mchana. Idara ya dharura inatosha, huhitaji barua. Kenya kuna namba ya bure ya Msalaba Mwekundu, 1199. Kwa mtoto, Tanzania na Kenya, ni 116. Aliye Marekani apige 988 na aombe mkalimani.

Watu huogopa polisi. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, urithi wa mkoloni, inataja kujaribu kujiua kuwa kosa. Kenya, Mahakama Kuu iliamua Januari 2025 kwamba kifungu cha namna hiyo kinapingana na Katiba. Hofu hiyo isikuzuie kumpeleka mtu wako. Mezani kwangu ni mgonjwa.

Nikija mtanipeleka Mirembe?

Hapa ndipo kitasa kinaposhikwa. Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili iliyopo Dodoma, imekuwepo tangu 1927, na kwa miaka yote hiyo tumeligeuza jina lake tusi. Kenya wamelifanyia hivyo Mathari, Zanzibar wamelifanyia Kidongo Chekundu. Wenye sonona wengi mno hutibiwa wakitoka nyumbani na kurudi nyumbani, kama wa presha. Anza kituo cha afya au hospitali ya wilaya, ulizia muuguzi au daktari wa afya ya akili. Kulazwa ni kwa wachache, pale maisha yanapokuwa hatarini, na wanaolazwa hurudi.

Itarudi?

Inaweza. Karibu nusu ya waliowahi kuugua mara moja huugua tena, kwa hiyo ukishapona andika dalili zako za kwanza, zile ndogo zilizotangulia kabla hujaanguka, umpe karatasi hiyo mtu anayeishi na wewe. Yangu inasema vyombo. Nikiviacha kwenye beseni usiku wa kwanza, nimechoka. Usiku wa pili, nimechoka. Usiku wa tatu mume wangu ananiuliza nimelala saa ngapi jana, na tumekubaliana kwamba sitamdanganya.